Silanti imebanduka mara mbili: ni gundi, ni daktari, au ni jino lenyewe?

"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Meno yake ya utotoni yalitoka yakiwa na unjano uliokolea, nikaambiwa yakidondoka yatakuja meupe. Sasa magego ya ukubwani yameota pamoja na meno mawili ya mbele ya chini, nayo ni ya njano ya kahawia, yana chenga kama chokaa, na yanamenyuka akitafuna hata mkate mkavu. Maji ya friji hawezi kabisa. Kliniki walimpaka silanti, ile plastiki ya kuziba mifereji ya meno, kwenye magego mara mbili ndani ya mwaka mmoja, zote zikabanduka. Kipande kimoja nilikikuta kwenye mto wake, nimekihifadhi. Baba yake alikuwa na meno ya namna hii, aliyang'oa mengi kabla hatujaoana. Shangazi yake pia, na bibi mzaa baba, ambaye alizaliwa na kukulia Pangani kabla ya kuolewa Meru. Sisi tunaishi Tanga, mtoto hajawahi kuishi kwingine. Ukweni wanasema ni maji ya Meru alikokulia baba. Jirani anasema ni dawa nilizomeza nikiwa mjamzito. Nina binti wa miezi minne. Je, ni kosa langu? Na nirudie silanti mara ya tatu, au nitakuwa natupa fedha?"

Marahaba, mama. Nianze na lile lililokukaa rohoni: si kosa lako, na nitakuonyesha kwa nini nasema hivyo kwa uhakika.

Lakini kwanza chukua kile kipande ulichokihifadhi. Kigeuze, ukiangalie upande wa chini kwenye mwanga wa dirisha. Kama upande huo ni laini na unang'aa kama ukucha, silanti haikushika tangu siku ya kwanza, na mara nyingi mkosaji huwa ni mate. Gego la mtoto wa miaka sita au saba likiwa ndiyo kwanza linachomoza, bado lina kipande cha ufizi juu yake, na kulikausha kabisa ni kazi ngumu hata kwa daktari mzoefu. Ila ukiona upande wa chini umefunikwa na unga wa njano au mweupe, kama chenga za lipu, basi gundi ilishika vizuri sana. Kilichoachia ni jino. Si kipimo cha maabara, lakini kwa namna ulivyoeleza meno ya mwanao, natarajia utaona unga.

Nalijua hili kwa sababu lilinichelewesha mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimrudishia silanti binti mmoja wa miaka minane mara tatu, na kila mara niliongeza muda wa ile asidi tunayoipaka kwanza ili gundi ishike, nikidhani naisaidia. Mara ya tatu mama yake aliniletea kipande ndani ya kiberiti. Nilikigeuza chini ya taa ya kiti nikaona enameli yake, yaani tabaka la nje la jino, imeng'ang'ania kwenye ile plastiki. Maana yake kila nilipopaka, nilikuwa namwandalia mtoto sehemu nyingine ya jino ya kung'oka. Tangu siku hiyo siulizi tu kama gundi ni nzuri, nauliza pia imeshika nini.

Tuyatazame sasa yale maelezo mawili uliyopewa. Maji ya Meru ni hoja ya kweli, isipokuwa haimhusu mwanao. Maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, sawa na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, yana floraidi nyingi ardhini, na vyanzo vingine vya maji hupita mara kadhaa kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Magadi yanayotiwa kwenye maharage nayo huongeza. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake yanatengenezwa ndani ya taya, anapata florosisi, yaani madoa meupe, kahawia, na ikizidi, vishimo. Lakini florosisi huingia kwa kinywa cha anayekunywa. Baba hawezi kuibeba kwenye damu akamrithisha mtoto aliyezaliwa Tanga. Tena florosisi kwa kawaida huyagusa kidogo tu meno ya utotoni, wakati ya mwanao yalikuwa na rangi tangu yalipotoka. Na kuna bibi. Enameli hutengenezwa utotoni, na utoto wa bibi ulikuwa Pangani, huku pwani, mbali na Meru. Alipofika Meru kuolewa, meno yake yalikuwa yameshakamilika zamani. Inawezekana mumeo na dada yake wana mambo mawili kwa pamoja, la maji na la ukoo, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Dawa za ujauzito nazo hazihusiki. Magego ya ukubwani yanayoota kwenye miaka sita huanza kuwekewa madini karibu na wakati wa kuzaliwa, na meno ya mbele ya ukubwani huanza miezi kadhaa baadaye, mtoto akiwa tayari mikononi mwako. Kama ulimeza dawa hizo kwenye mimba ya miezi mitatu au minne, hazikuwa na pa kuyafikia. Ipo dawa, tetrasaiklini, ambayo ikitumiwa katika nusu ya pili ya ujauzito huacha rangi kwenye meno ya utotoni, lakini haiyafanyi meno ya ukubwani yamenyuke kama chokaa. Mwambie jirani hivyo, kwa upole.

Kinachobaki, ukiunganisha bibi, baba, shangazi na mtoto, meno ya utotoni na ya ukubwani, ni kasoro ya kurithi ya enameli ambayo sisi huiita amelojenesisi impafekta. Sijamwona mtoto, kwa hiyo nasema ndiyo ninayoielekea zaidi. Anayethibitisha ni daktari aliyemfungua kinywa na kumpiga picha ya eksirei. Si ugonjwa wa kawaida, wala si wa ajabu. Kaskazini mwa Sweden walihesabu kama mtu mmoja katika kila 700, na huko Michigan, Marekani, mmoja katika kila 14,000. Inategemea sana ukoo gani uko wapi.

Enameli ni lile tabaka la nje la jino, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Seli zinazoitengeneza huanza kwa kumwaga protini, kiasi kama uji mzito, na ndani ya uji huo fuwele nyembamba za madini huanza kurefuka. Kisha vimeng'enya maalumu huikata protini ile vipande vipande na kuiondoa, na fuwele zinanenepa kujaza nafasi. Kazi ikimalizika, karibu asilimia 96 ya uzito wa enameli ni madini matupu. Halafu seli zile zinakufa. Jino likishaota hakuna aliyebaki wa kuja kukarabati, ndiyo maana hakuna dawa ya kumeza, wala maziwa, wala dagaa, itakayoirudisha. Vyakula hivyo ni vizuri kwa mtoto, lakini si kwa sababu hiyo.

Kila hatua ya ujenzi huo ina jeni zake, na jeni ikiwa na hitilafu, ujenzi unakwama pale pale. Kuna familia ambazo enameli yao ni ngumu vizuri ila ni nyembamba mno au ina vishimo. Jeni ya ENAM ilihusishwa na hali hiyo mwaka 2001. Kuna ambazo protini haiondolewi yote, enameli inabaki na unene wake lakini laini, kama kwenye hitilafu za jeni za KLK4 na MMP20. Na kuna aina ambayo madini hayakuingia ya kutosha tangu mwanzo: jino linaota na unene wa kawaida, lina rangi ya njano ya kahawia, kisha ndani ya miezi linachakaa na kumenyuka. Hitilafu nyingi za aina hiyo zimepatikana kwenye jeni inayoitwa FAM83H, iliyotambuliwa mwaka 2008. Maelezo yako yanafanana sana na hii ya mwisho.

Turudi kwenye silanti. Mwaka 1955, huko Rochester, New York, daktari wa meno Michael Buonocore alichukua jambo lililokuwa likifanywa viwandani, la kusugua chuma kwa asidi ya fosfori ili rangi ishike, akalijaribu kwenye jino. Asidi hula enameli bila usawa. Inachimba vishimo vidogo sana, vyenye kina cha sehemu chache za mia ya milimita, na utomvu wa plastiki ukimwagwa hapo unaingia ndani, unagandishwa kwa mwanga, unakuwa na mizizi elfu kwa elfu. Leo asidi tunayotumia ni ya asilimia 35 hadi 37, sekunde 15 hadi 30, tunaosha, tunakausha, na jino linageuka jeupe lisilong'aa kama kioo chenye ukungu. Weupe ule ndio ishara kwamba mahali pa kushika pamepatikana. Kwenye jino la kawaida silanti iliyopakwa vizuri hukaa miaka.

Kwenye enameli ya mwanao mambo mawili yanaharibika. Protini, ambayo kwenye aina hii nayo haiondoki yote, inaziba njia, hivyo asidi haichimbi ile mifumo safi ya vishimo, na plastiki haipati pa kutia mizizi yake. Halafu, hata ikitia, imeitia kwenye kitu kisichojishika chenyewe. Nyumba za zamani za pwani zinalifundisha hili vizuri. Ukipaka rangi ya mafuta ya bei mbaya juu ya lipu ya chokaa iliyokwisha kuoza kwa chumvi, rangi itabanduka, na ukiokota ganda lake utakuta lipu mgongoni. Fundi anayejua hatakuuzia rangi nyingine. Atagonga ukuta kwanza.

Kwa hiyo, silanti ya tatu ya aina ile ile, kwa njia ile ile? Hapana. Ningekushauri uhifadhi fedha hiyo. Kama ingekuwa ile aina ya enameli nyembamba lakini ngumu ningejibu tofauti, maana hiyo gundi huishika karibu kama jino la kawaida. Watafiti wamejaribu kuisaidia hii laini kwa kuiosha na hipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 5 kwa dakika moja hivi kabla ya gundi, ili kuyeyusha protini. Majaribio mengine yaliona gundi inashika zaidi, mengine hayakuona tofauti. Mimi huitumia pale ninapolazimika kubandika kitu kwenye meno ya mbele, bila kuahidi mzazi muujiza. Na nakuomba sana: hiyo ni jamii moja na jiki ya kufulia, hutumika kwa tone, jino likiwa limezungushiwa mpira ili dawa isimwagike. Isijaribiwe nyumbani.

Kuna dawa nyingine ya kuzibia inayoitwa glasi-ayonoma, iliyobuniwa London karibu na mwaka 1970. Yenyewe haitegemei vishimo vya asidi. Inajiunga kikemikali na kalisi ya jino, inavumilia unyevunyevu, na inatoa floraidi kidogo kidogo. Sisi Watanzania tuna historia nayo. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam, daktari wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken, na wenzake walianza kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine, na njia hiyo ilipopata glasi-ayonoma ikaenea hadi Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994. Dawa inabanwa kwenye mifereji ya gego kwa kidole chenye mafuta ya mgando, na zahanati yenye mtaalamu wa kinywa inaweza kuifanya. Kwa mwanao ningeipaka sasa hivi kama kinga ya muda, hasa kama gego bado halijatoka lote. Itamenyuka pia, sikufichi, inakaa kwenye ukuta ule ule. Lakini ikidondoka huacha mabaki chini ya mfereji, na kila mwezi maumivu ya ubaridi yakiwa yamepungua ni mwezi ambao mtoto anapiga mswaki bila kulia.

Gego likishatoka vya kutosha, ninachokiamini zaidi ni kofia ya chuma kisichoshika kutu. Inakuja imetengenezwa tayari kwa saizi mbalimbali. Mara nyingi tunaingiza vipira vidogo kati ya meno kwa siku chache ili kupata nafasi, mtoto anarudi, kofia inapimwa, inawekwa saruji, inasukumwa mpaka unasikia mlio mdogo inapobana shingo ya jino. Inashika kwa kulikumbatia jino zima, ndiyo maana ubovu wa enameli haiusumbui sana. Wiki ya kwanza au ya pili atalalamika kwamba meno hayakutani, kisha kinywa kinazoea. Ubaya wake ni rangi ya fedha huko nyuma akicheka sana, gharama zaidi ya kuziba, na kwamba ni ya mpito: akifika miaka 18 hadi 20, taya likiwa limekomaa, itabadilishwa kwa kofia ya kudumu. Lakini katikati hapo jino litakuwa limebaki na urefu wake. Nimeona vijana waliokuja wakiwa wamechelewa, magego yamesagika hadi usawa wa ufizi, na hapo hata kofia haina pa kukaa. Mwanao ana magego manne ya kuokoa, na huu ndio wakati wake.

Utamkuta mtu wa kukuambia, yang'oe tu, atafungiwa ya bandia. Kwa mtoto ambaye magego yake ya kwanza peke yake ndiyo mabovu, kuyang'oa kwa mpango kwenye miaka minane hadi kumi ili ya pili yasogee ni chaguo halali, na mimi nimelifanya. Lakini kwa mwanao yatakayosogea yana kasoro ile ile. Hutakuwa umepata kitu.

Meno ya mbele ya juu yataota wakati wowote, na hayo ndiyo atakayochekewa shuleni. Tukiyawahi, tunayafunika kwa kompositi, plastiki ngumu ya kuzibia yenye rangi ya jino. Itahitaji kurudiwa kila baada ya muda na mimi nasema bora irudiwe. Mtoto anayeziba mdomo kwa kiganja akiongea anaumia mahali ambapo eksirei haionyeshi. Kaa na mwalimu wake wa darasa umweleze kwamba ni meno ya ukoo, si uchafu wala uvivu wa mswaki.

Nyumbani, mswaki laini kabisa, maji ya uvuguvugu, dawa ya meno yenye floraidi ya 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), imeandikwa nyuma ya boksi. Ateme povu, asisukutue. Usimsugulie mkaa, majivu, magadi wala ndimu kutafuta weupe. Njano ile si doa, ni jino, na kila unachosugua hakirudi. Ubuyu wa rangi, ukwaju, embe bichi na soda vina asidi, kwa hiyo viende na chakula, visiwe vya kutafunwa mchana kutwa. Mwombe daktari ampake vanishi ya floraidi kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Meno haya pia hushika ugaga haraka kwa sababu mtoto huyakwepa akipiga mswaki, hivyo kusafishwa kliniki ni sehemu ya tiba.

Usisubiri miadi kama atavimba shavu au taya, akipata homa pamoja na maumivu ya jino, akiamshwa usiku na maumivu, au ukiona kijipu chenye usaha kwenye ufizi. Siku hiyo hiyo hospitali. Yako mambo mengine ya kumwambia daktari hata kama hujaulizwa: je, mtoto hukunja macho sana kwenye mwanga au haoni vizuri? Meno mengine yamekataa kuota? Kuna mwenye mawe ya figo katika ukoo? Mifupa huvunjika kirahisi? Aina chache za kasoro hizi huenda na macho au figo, na meno yanayoambatana na mifupa dhaifu huwa na tatizo la dentini, tabaka la ndani, ambalo hutibiwa kwa mpango mwingine. Kwa picha uliyonipa siyatarajii, lakini swali halina gharama. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa na uombe barua kwa daktari wa meno ya watoto, Muhimbili wapo.

Kuhusu binti yako. Kasoro hii inaweza kupita kwenye kromosomu ya X, na hapo wanaume huathirika sana, wanawake wakiwa na michirizi ya wima tu. Lakini baba hampi mwanawe wa kiume X, humpa Y. Kwa kuwa imetoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia hiyo tunaifuta, na inayobaki kwa uwezekano mkubwa ni ile ambayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, wa kike kwa wa kiume sawa. Kipimo cha jeni kinaweza kuthibitisha, ila matibabu hayakisubiri. Jino lake la kwanza likichungulia, pengine ndani ya miezi michache ijayo, utalijua kwa rangi. Likiwa jeupe na linang'aa, utakuwa umepata jibu zuri. Likiwa la njano, mlete nikiwa bado na nafasi ya kulilinda kabla halijaanza kumenyuka.

Na siku mtakapokwenda kliniki, mumeo aende pia, akiwa na eksirei yoyote ya zamani aliyonayo. Daktari akiyaona meno yaliyobaki kinywani mwake atajua aina ya kasoro haraka kuliko kwa mtoto peke yake. Umesema aling'oa mengi, hukusema yote. Hayo yaliyobaki bado yanaweza kufunikwa.